Wanajeshi wetu tuwataje mmoja mmoja, na tuwataje wakiwa bado hai

Kwa Mhariri,

Salamu kutoka Lanet hapa Nakuru. Mimi ni mama wa hoteli, napika chai, chapati na madondo karibu na barabara kubwa ya kwenda Nairobi, niko hapa tangu 2008 baada ya ile fujo kutulia, na kwa vile kambi ya jeshi iko karibu wateja wangu wengi ni wanajeshi ama watu wa nyumba zao. Sijawahi kuandikia gazeti maisha yangu yote. Leo naandika kwa sababu ya sajini mmoja.

Huyu sajini amestaafu majuzi. Alikuja asubuhi mapema amevaa shati ya kawaida na suruali ya kitambaa, nikakaribia kutomjua kwa sababu miaka yote nimezoea kumwona na kombati. Akaagiza chai na chapati mbili kama kawaida, akala polepole, alafu akatoa simu akaniambia, "Mama, kuna vijana wangu wawili waliondoka usiku kwenda Somalia hawajakulipa, ni mia tatu na themanini." Mimi nilikuwa nimesahau kabisa hiyo deni. Yeye alikuwa ameiandika kwa simu, na ilikuwa imepita karibu miezi minne. Akalipa, akaniaga, akabeba begi lake na boksi moja lililofungwa na kamba akaenda stage.

Sasa mimi nilikuwa nimesimama hapo nje nikimwaga maji, nikaona vile makanga alimwambia, "Mzee sogea huko nyuma na huo mzigo wako." Akasogea, hakusema kitu, akakaa kiti cha mwisho na boksi kwa magoti. Makanga hakufanya makosa, angejuaje? Lakini mhariri nilisikia uchungu sijui niuelezeje, kwa sababu nilijua ni nani amekaa hapo nyuma na hakuna mtu mwingine kwa hiyo matatu alijua, na pengine hata kule nyumbani alikokuwa anaenda hakuna mtu anajua, wanajua tu kwamba fulani alikuwa jeshi na sasa amerudi na penshoni.

Wacha niwaambie kazi yake ilikuwa gani. Alikuwa dereva, na kule Somalia alikuwa anaendesha lori la maji. Ukisikia dereva wa maji unaona ni kazi ndogo sivyo? Mimi pia nilidhani hivyo mpaka siku moja kijana mmoja hapa kwa meza akaniambia mama, kaa kambini jua kali maji yakiisha, mabomu yametegwa barabarani, alafu usikie ngurumo ya lori inakuja, hapo ndo utajua dereva wa maji ni nani. Hilo lori linaenda polepole kwa vile ni zito, haliwezi kukimbia, na barabara ni ile ile moja, na adui anaijua hiyo barabara. Yeye alienda hiyo safari nikashindwa kuhesabu ni mara ngapi. Nilimuuliza kama alikuwa anaogopa akasema ndiyo, kila asubuhi, na kila asubuhi alikuwa anazunguka lori akiangalia tairi zote kwanza, hiyo ndo ilikuwa inamtuliza.

Na si Somalia peke yake. Mtu wa Nakuru hawezi kusahau ile alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 kule Mai Mahiu, mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi, maji yakajikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu pale chini maji yanapopitia palikuwa pameziba na matope na miti, alafu tuta likaachia watu wakiwa usingizini, na kijiji cha Kamuchiri kikabebwa. Makumi ya watu walikufa. Jeshi likaletwa kusaidia kutafuta watu, na sajini wangu alikuwa mmoja wao. Aliporudi hapa wiki ile hakuwa anaongea, kucha zake zilikuwa zimeingia matope mpaka nikadhani ameumia. Siku nyingi baadaye ndo aliniambia kwamba kitu alifanya sana kule, mbali na kuchimba, ni kuosha viatu. Walikuwa wanatoa viatu vya watoto kwa matope, kimoja kimoja, na yeye akawa anaviosha na maji ya mtungi anavipanga kwa mstari juu ya mawe, kwa sababu alisema mama akija kutafuta mtoto wake kiatu kikiwa kichafu hawezi kukijua. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Hakuna mdosi alimuona akampandisha cheo. Mimi nimewaza hiyo kitu karibu kila siku tangu aniambie.

Sasa hapo ndo niko na neno. Sisi Wakenya jeshi tunalisifu kwa jumla. Tunasema "jeshi letu shupavu", "vijana wetu mashujaa", basi imeisha. Kila tarehe 14 Oktoba ni siku ya KDF, inakumbuka ile 2011 wakati wanajeshi wetu waliingia Somalia kwa operesheni Linda Nchi, na sherehe inafanywa kambini, mashada yanawekwa, tarumbeta inalia, sisi wa nje tunaona dakika mbili kwa taarifa ya saa moja. Siku sita baadaye ni Mashujaa Dei, tunakaa nyumbani, ni holidei. Kati ya hizo siku mbili hakuna mtu anakuja kwa kijiji kusema huyu hapa, mtoto wa fulani, alifanya hiki na hiki. Sifa ya jumla haina mwenyewe. Ni kama kupika sufuria kubwa ya chakula uweke katikati ya soko useme watu wote wamekula.

Angalia vile tulifanya 2024. Tarehe 18 Aprili mwaka huo ndege ya jeshi ilianguka kule Sindar, Elgeyo Marakwet, ikamuua Mkuu wa Majeshi Jenerali Francis Ogolla, alikuwa ametoka kutembelea wanajeshi na kuangalia shule zinazorekebishwa huko juu kwenye shida ya wezi wa mifugo. Tulilia, mimi mwenyewe nililia, na vile alizikwa kwao Ng'iya kule Siaya ndani ya siku tatu bila jeneza kama alivyotaka ilinifundisha kitu kuhusu yule mzee ambayo hotuba haingenifundisha. Lakini kwa hiyo ndege hakuwa peke yake. Wanajeshi wengine tisa walikufa na yeye, na kati yao kulikuwa na masajini, watu wa cheo cha chini, kulikuwa na mwanamke. Majina yao yalitangazwa, yako kwa kumbukumbu, si siri. Nimeuliza wateja wangu wiki hii, hapa kwa meza, watu wazima wanaosoma magazeti, mnitajie hata mmoja tu kati ya wale tisa. Walinyamaza. Na hii ni Lanet mhariri, hapa kambi iko mlangoni, sembuse huko kwingine.

Hii tabia haikuanza jana. Mimi kwetu ni Maragoli, na guga yangu, baba ya baba, alikuwa Keya. Wazee wa kwetu na hata wa upande wa Kisumu wanajua hilo neno, ni ile KAR, King's African Rifles, jeshi la Waafrika la Mwingereza. Alichukuliwa vita ya pili akapelekwa Burma na ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, 1944, mvua ya huko ikinyesha usiku na mchana, wakiteremka bonde linaitwa Kabaw kwa tope la magotini, watu wanaanguka na malaria kuliko risasi. Yeye hakupiga mtu, ama kama alipiga hakusema. Alikuwa wa kubeba majeruhi. Machela moja ilitaka watu wanne, na mlima ukiwa mkali sita, na alisema kuna siku alimbeba kijana Mkamba kutoka asubuhi mpaka giza akimwambia hadithi za sungura ili asilale, kwa sababu walikuwa wanaamini akilala atakufa. Huyo kijana alipona. Guga alirudi na koti kubwa la jeshi na mkebe wa tumbaku, akalima mahindi na mboga mpaka akafa, na hakuna mahali popote jina lake limeandikwa isipokuwa kwa kaburi lake, na hapo hawakuandika hata kama alienda vita.

Na wale wa kabla yake, wa vita ya kwanza, waliobebeshwa mizigo ya Mwingereza mpaka Tanganyika! Nairobi wameachiwa soko, Kariakor, hiyo ni Carrier Corps, watu wananunua kiondo na nyama choma pale hawajui wanatamka jina la babu zao. Walikufa kwa maelfu na maelfu, wengi ni kwa njaa na kuhara na malaria, na waliotoka huku Nyanza ya wakati huo walikuwa wengi sana. Pale Nairobi kwenye barabara ya Kenyatta kuna sanamu tatu za shaba za kuwakumbuka, na maneno yamechongwa hapo, na Kiswahili kimo. Ni vizuri. Lakini sanamu hazina majina ya watu, ni sura tu ya mwanajeshi na mpagazi yeyote. Hiyo "yeyote" ndo inanisumbua.

Kuna binti mmoja, koplo, ni nesi wa jeshi. Wakati wa siku ya KDF huwa wanatoka kambini kufanya kazi za kusaidia raia, wanapanda miti, wanaweka kliniki ya bure. Mama mkwe wangu ako na sukari, alikuwa na kidonda cha mguu kimekataa kupona, tukampeleka hiyo kliniki. Huyu binti akakisafisha vizuri akafunga, akamfundisha mama kutotembea miguu wazi, na tukafikiri imeishia hapo. Wiki iliyofuata, Jumapili, nikaona mtu amebisha hodi nyumbani, ni yeye, amevaa gauni, amebeba bandeji kwa mfuko wa nailoni. Alikuja Jumapili sita. Hiyo ilikuwa siku yake ya kupumzika. Mguu ulipona mhariri, daktari alikuwa ameshaanza kutaja kukata. Juzi nilimwonyesha picha ya Meja Jenerali Fatuma Ahmed aliyewekwa kuongoza Jeshi la Angani 2024, mwanamke wa kwanza kushika hiyo nafasi, akacheka kwa furaha akasema wakati mama yake alikuwa msichana wanawake jeshini walikuwa na kikosi chao kando. Hiyo heshima ya Jenerali ni sawa kabisa na alistahili. Mimi nauliza ya huyu wa bandeji atapewa na nani, kama si sisi aliotuosha vidonda?

Hata huko Kisumu, mtu akisema kazi ya jeshi ni bunduki tu aende aangalie pale ziwani. Meli ya MV Uhuru ilikuwa imekaa bila kazi miaka, na wanamaji wetu walikuwa kati ya mikono iliyoifufua, alafu ikajengwa Uhuru ya pili pale pale Kisumu. Kuna mtu pale alichomelea chuma akiwa amejikunja ndani ya tumbo la meli na lile joto la Kisumu. Ako na jina.

Wacha niseme na hii, kwa sababu najua kuna wasomaji wa Mlima Elgon watasoma barua hii na kifua kitawabana. Mimi sijasahau 2008, operesheni Okoa Maisha ya jeshi kule Elgon, na vile watu wa haki za binadamu waliandika kuhusu mateso na watu ambao hawakurudi nyumbani. Hizo familia ziko na haki ya kusikizwa mpaka leo na mimi siwezi kuwaambia wapigie kila kombati makofi. Na ndiyo maana hasa nasema mmoja mmoja. Ukisifu jeshi lote kwa pamoja unamfunika aliyetesa na lile shuka la aliyeosha viatu vya watoto, na unamkosea huyu wa viatu, na unamkosea yule mama wa Elgon pia. Heshima ikienda kwa mtu na kwa kitendo chake, na lawama vile vile, hakuna mtu atajificha nyuma ya mwingine.

Kuna jambo lingine linaniuma, ni vile tunangoja mtu afe. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde kule Somalia ilishambuliwa, wengi wa wale vijana walikuwa wa kikosi kinachokaa Moi Barracks kule Eldoret, na ibada ya kuwakumbuka ya 27 Januari ilifanywa kule Eldoret mpaka marais wa nchi zingine wakaja. Mama mmoja wa kanisa letu alimpoteza mtoto pale. Walikaa wiki wakingoja, wakatolewa damu ya kupima, wakangoja tena. Aliniambia kitu sitasahau, kwamba siku ya mazishi watu walisimama mmoja baada ya mwingine kusema vile kijana wake alikuwa, kwamba alimlipia huyu karo, alimchimbia yule kisima, alimtoa mwenzake kwa gari iliyowaka, na yeye mama mzazi alikuwa anasikia hayo yote kwa mara ya kwanza. Kijana mwenyewe hakuwahi kusikia hata moja, alikuwa ndani ya sanduku.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo na halitaki pesa ya serikali. Chifu ako na baraza kila mara. Hapo kwa baraza wakati wanaongea mambo ya mbegu na pombe haramu, atenge dakika kumi, aseme huyu amerudi kutoka jeshi, alihudumu miaka hii, alifanya kazi hii, na yule mwenyewe akitaka aongee aongee, asipotaka akae tu watu wamwone. Awe na daftari, aandike. Kuna sheria ya wastaafu wa jeshi iliyopitishwa 2022, na hapa kwangu nimekutana na wastaafu hawajui hata kama iko, basi hapo hapo kwa baraza mtu awaelezee. Walimu nao, darasa liende kwa mzee mmoja aliye karibu na shule limuulize maswali, watoto wanajua kuuliza kuliko sisi. Na makanga, ndugu zangu makanga, siwaombi mbebe mtu bure, mkiona mzee na boksi anatoka upande wa kambi msaidieni tu kupandisha mzigo.

Na wewe mhariri, ile Oktoba ikifika, ukurasa mmoja. Usituwekee picha ya ndege na vifaru. Weka mpishi, weka fundi wa redio, weka dereva wa maji. Najua kuna mambo ya usalama, walio kazini huwezi kuwataja ovyo, na ndiyo sababu hata mimi hapa sijamtaja mtu. Lakini waliostaafu wapo wengi, kutoka hapa Nakuru mpaka Busia, na wakiulizwa vizuri na ruhusa ikiwepo wataongea. Wengine wanangoja tu mtu awaulize.

Mimi nimeanza. Nimenunua daftari ngumu, ile ya kaunta, nimeiweka juu ya friji mahali wateja hawamwagi chai. Ukurasa wa kwanza nimemwandika guga yangu, Burma, machela, yule kijana Mkamba na hadithi za sungura. Wa pili nimemwandika yule koplo, nilimuomba ruhusa akakubali lakini akataka niandike pia jina la mwenzake aliyekuwa anamshikia zamu kambini hizo Jumapili sita, nikaandika.

Wa tatu ni sajini. Nilimpigia simu wiki iliyopita, ako kwao anajenga choo na kuku wake wamefika ishirini. Nikamwambia nataka kuandika mambo ya Mai Mahiu, akanyamaza kidogo, alafu akasema hizo za viatu niandike lakini nisiandike shujaa, niandike dereva. Nikamuuliza niongeze nini kingine. Akasema niandike kwamba katika miaka yote ya Somalia lori lake halikuwahi kufika likiwa na tenki nusu.

Nimeandika hivyo.

Mama wa hoteli,
Lanet, Nakuru